Matope kwenye uwanja wa kuku: mwongozo kamili wa kuukausha kabla ya masika na mvua ikiwa imeshaanza

Mfugaji akiona uwanja wa kuku umegeuka tope, mara nyingi hukimbilia kuagiza magunia ya maranda na kuyamwaga juu. Kwa siku mbili kuku wanatembea pakavu. Mvua ikirudi maranda yanalowa, yanachanganyika na kinyesi, na kunakuwa na uji mzito kuliko ule wa mwanzo, wenye harufu kali zaidi.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye kuku 20 hadi 200 hivi, wa kienyeji au chotara, wanaolala bandani na kushinda kwenye uwanja uliozungushiwa wavu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, ambako masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Aliyeko Tukuyu au Bukoba atafanya kazi hiyohiyo, ila kwake mvua ni nyingi zaidi na muda wa ardhi kukauka ni mfupi. Msimamo wangu ni mmoja: shughulikia maji kwanza, udongo baadaye, matandazo (maranda, pumba na vingine vya kutandaza chini) mwisho. Anayeanzia mwisho analipa mara mbili.

Kwa nini tope lisivumiliwe

Kuku mkubwa mwenye manyoya mazuri hafi kwa kunyeshewa mara moja. Kinachomuumiza ni kusimama kutwa kwenye unyevu uliochanganyika na kinyesi.

Chukua kuhara damu, ugonjwa unaomaliza vifaranga wengi msimu wa mvua. Vimelea vyake, koksidia, hutoka na kinyesi vikiwa bado havijawa na uwezo wa kuambukiza. Ili vikomae vinahitaji unyevu, hewa na joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi, na vikipata vyote vitatu huwa tayari ndani ya siku moja au mbili. Hali ya hewa ya Pwani mwezi Aprili inavipa vyote bila kubakiza. Dawa nyingi za kuua vijidudu zinazouzwa madukani hazipenyi ganda la mayai ya vimelea hivi, hivyo kupulizia dawa juu ya tope ni kupoteza dawa. Ukavu na jua ndivyo vinavyovimaliza. Walio hatarini zaidi ni vifaranga wa kati ya wiki 3 na 8, na hao sishauri kabisa watoke nje wakati uwanja una tope, hata kama banda limewabana.

Mayai ya minyoo nayo hudumu muda mrefu kwenye udongo wenye unyevu. Maji yanayotuama huzalisha mbu, na mbu hueneza ndui ya kuku. Ndiyo maana vile vipele vya kwenye upanga na kuzunguka macho huonekana sana mvua zikikolea. Halafu kuna miguu. Mshike kuku mmoja jioni anapopanda kichanja, mgeuze unyayo juu, futa tope kwa kitambaa kibichi, kisha utazame katikati ya unyayo. Ukiona gamba jeusi la mviringo lililokaza, na nyama inayolizunguka imevimba na ina joto, hicho ni kidonda cha unyayo. Ngozi ililainishwa na unyevu, ikachanika kidogo, bakteria wakaingia. Kuku wa namna hiyo hupunguza kutembea, hupunguza kula, na mayai hupungua bila mwenyewe kuelewa sababu.

Kwa vifaranga kuna jambo jingine. Tope hujikusanya kwenye ncha za vidole na kukauka kuwa madonge magumu. Usiyavute, kwa sababu kucha inaweza kung’oka pamoja nayo. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka donge lilainike lenyewe, ulimenye taratibu, ukaushe mguu, ndipo umrudishe kwa mama yake.

Hatua ya kwanza: tazama mvua inavyoingia

Kabla ya kununua chochote, vaa gambuti na koti la mvua utoke nje wakati inanyesha. Simama pale nusu saa. Utaona mambo ambayo huwezi kuyaona jua likiwaka: paa linamwaga wapi, maji ya njia yanapita chini ya wavu upande gani, dimbwi la kwanza linaanzia wapi na likijaa linatokea wapi. Chomeka vijiti kila mahali maji yanapoingia na kila mahali yanapotuama. Vijiti hivyo ndivyo ramani yako ya kazi.

Maji ya uwanjani huwa na vyanzo vinne. Mvua inayoanguka moja kwa moja ni kimoja, na mara nyingi siyo kikubwa kuliko vyote. Vingine ni maji ya paa, maji yanayoshuka kutoka sehemu ya juu ya kiwanja au kwa jirani, na maji ambayo wewe na kuku mnayamwaga wenyewe kwenye vyombo vya kunywea. Kinyesi nacho kimebeba maji mengi: kuku mkubwa hutoa takriban gramu 100 hadi 150 kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Kwa kuku 50 hizo ni kilo 5 au zaidi za kinyesi kila siku inayokwenda kwa Mungu, hata kama mvua haijanyesha.

Siku hiyo mvua ikikatika, pima udongo. Chimba shimo la sentimeta 30 kwenda chini na upana huohuo, ulijaze maji, uyaache yanywe. Lijaze tena, kisha utazame saa. Maji yakishuka sentimeta 2 au 3 kwa saa, udongo wako unanywa vizuri na kazi yako itakuwa nyepesi. Ukilala ukaamka ukakuta maji bado yapo, una mfinyanzi au udongo mweusi wa mbuga, au maji ya ardhini yako karibu. Kwenye udongo huo usitegemee maji yanywee; itabidi uyapitishe juu yatoke nje, na uinue mahali pa kuku.

Hatua ya pili: maji ya paa

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndipo wafugaji wengi wanaporuka.

Piga hesabu. Mvua ya milimeta 1 ikianguka kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Banda lenye paa la mita 6 kwa 4 lina mita za mraba 24. Mvua ya jioni moja ya milimeta 30, ambayo masika ni jambo la kawaida, inamwaga lita 720 kutoka kwenye paa hilo. Kama paa limelalia upande mmoja, na upande wenyewe ndio wa mlangoni, lita zote hizo zinaanguka kwenye mstari wa mita 6, palepale kuku wanapojazana asubuhi wakisubiri chakula. Hakuna maranda ya kushindana na maji kiasi hicho.

Kwa hiyo weka gata. Gata ya bati iliyokunjwa na fundi wa mtaani inatosha, ya plastiki ni nzuri ukiweza, na mianzi mikubwa iliyopasuliwa na kutolewa vifundo inafanya kazi msimu mmoja au miwili. Iteremshe kidogo kuelekea upande wa kutokea, kama sentimeta 1 kwa kila mita 2, na ncha ya bati iingie ndani ya gata ili maji yasirudi nyuma ukutani. Paa la makuti ni gumu kuliwekea gata. Kwa hilo chimba mchirizi chini ya upenu, ujaze kokoto, uupeleke nje ya wavu.

Maji ya gata yapeleke kwenye tangi au pipa. Kuku anayetaga hunywa kama robo lita kwa siku, na zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo lita 720 ni maji ya kuku 50 kwa karibu miezi miwili. Usiwape yale ya dakika za kwanza za mvua, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri, la sivyo unakuwa umefuga mbu. Pia liwe na njia ya kumwaga maji likijaa, na njia hiyo isielekee uwanjani. Nimeona mabanda yenye gata nzuri kabisa ambayo tangi lake likifurika linamwagika palepale mlangoni.

Hatua ya tatu: zuia maji yanayoshuka kutoka juu

Kama kiwanja chako kina mteremko, maji ya juu yakatwe kabla hayajafika kwenye wavu. Chimba mtaro kukingama mteremko, mita 1 au zaidi juu ya uwanja, kina cha sentimeta 30 na upana wa sentimeta 40. Udongo unaotoka uweke upande wa chini, yaani upande wa kuku, uushindilie uwe tuta. Mtaro usiwe bapa. Mteremko wa sentimeta 1 au 2 kwa kila mita unatosha maji yaende bila kuchimba ardhi. Fundi mjenzi yeyote atakupimia kwa mpira wa maji kwa muda mfupi, na ni kazi unayoweza kujifunza na kuifanya mwenyewe.

Kwenye tuta panda kitu cha kushika udongo: mchaichai, majani ya vetiva au matete. Mchaichai una faida ya ziada jikoni, na kuku hawaupendi sana kwa kuula.

Sasa maji yanakwenda wapi? Hili lisemwe wazi, kwa sababu masika huleta ugomvi wa majirani kila mwaka. Usiyatupe kwa jirani, wala usiyaelekeze kwenye kisima. Upande wa chini wa kiwanja chako chimba shimo la upana wa mita 2 na kina cha nusu mita hadi mita 1, lijaze matawi, majani makavu na taka za bustani, kisha panda migomba na magimbi kulizunguka. Migomba inakunywa maji mengi na inapenda mbolea inayokuja nayo. Kwenye udongo wa kichanga wa Pwani shimo moja hubeba mengi. Kwenye mfinyanzi weka mawili yanayopokezana, la kwanza likijaa limwagikie la pili.

Kila mahali mtaro au bomba linapopita chini ya wavu, funga kipande cha wavu wa matundu madogo. Kicheche na nguchiro hawahitaji nafasi kubwa, na mtaro mpya kwao ni mlango mpya. Kagua wavu huo baada ya kila mvua kubwa, kwani majani huuziba na maji hurudi ndani.

Hatua ya nne: sawazisha na inua ndani ya uwanja

Ukimaliza kukata maji ya paa na ya mlimani, subiri mvua moja au mbili uangalie. Kwa wengine tatizo huishia hapo, hasa kwenye kichanga. Kama madimbwi bado yapo, endelea.

Kwanza toa tope la juu. Kwangua sentimeta 5 hadi 10 mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Tabaka hilo ni mchanganyiko wa kinyesi na udongo laini usiopitisha maji, na chochote utakachomwaga juu yake kitazama. Kazi hii ni nzito na haina njia ya mkato.

Kisha jaza kifusi kuanzia sehemu iliyo chini zaidi. Tandaza kwa matabaka ya sentimeta 10 hadi 15, mwagia maji kidogo, shindilia, halafu tabaka jingine. Uwanja mzima ulale kuelekea upande wa kutokea kwa sentimeta 2 kwa kila mita. Uwanja wa urefu wa mita 8 basi utakuwa na tofauti ya sentimeta 16 kati ya juu na chini; jicho halioni, maji yanaona. Juu ya kifusi weka sentimeta 10 za mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi na kuku huudonoa, uache.

Ujue kiasi kabla ya kuita lori. Uwanja wa mita 5 kwa 8 una mita za mraba 40, na tabaka la sentimeta 15 ni mita za ujazo 6. Toroli moja la kawaida hubeba lita 60 hivi, kwa hiyo ni kama matoroli 100. Ukiongea na dereva ongea kwa mita za ujazo, siyo “lori moja”, kwa sababu malori hayalingani. Kama fedha haitoshi, inua theluthi moja tu iliyo karibu na banda. Kuku watakuwa na pakavu pa kusimama, na sehemu nyingine utaifunga mvua zikizidi.

Mchanga mdogo kwenye mfinyanzi ni hasara tupu. Ukimwaga tabaka la sentimeta 2 au 3 juu ya mfinyanzi uliolowa, baada ya wiki huoni mchanga, umemezwa. Aidha weka tabaka nene juu ya kifusi kilichoshindiliwa, au usiweke.

Pale ambapo maji hujikusanya na hayana pa kupita, chimba mtaro wa mawe uliofunikwa. Kina sentimeta 40 hadi 50, upana 30, ukiteremka mpaka nje. Tandika chini na pembeni mifuko ya sandarusi iliyotobolewa tobolewa, weka kokoto kubwa, laza bomba la plastiki la inchi 4 lenye matundu, ongeza kokoto, kunja mifuko juu, kisha funika kwa mchanga. Mifuko inazuia udongo usiingie kati ya mawe. Bila hiyo mtaro unaziba mapema, na kuuchimbua upya ni kazi kuliko kuuchimba.

Wapo wanaomwaga zege uwanja mzima. Sikushauri. Kuku huishi kwa kuparua, na zege linamnyima kazi yake, linakwaruza nyayo, na likiwa na bonde dogo tu linashika maji yasiyo na pa kunywea. Kama zege tayari lipo, hakikisha lina mteremko na ulitandikie matandazo ya kina.

Mlangoni na kwenye maji ya kunywa

Hata uwanja uliochimbwa vizuri una sehemu mbili zinazoharibika kwanza: mita 2 za mbele ya mlango wa banda, na kuzunguka chombo cha maji. Hapa weka sakafu iliyoinuka. Panga mabanzi au mbao za kreti juu ya mirunda, ukiacha nafasi ya sentimeta 2 kati ya ubao na ubao, kwa kuku wakubwa. Chini yake mwaga kokoto. Kuku akitoka nje anaacha tope kwenye mabanzi anaporudi, na mayai yako yanakuwa masafi zaidi kwa sababu nyayo hazichafui viota. Ziba pembeni panya wasizaliane chini, na kila miezi michache inua mabanzi usafishe.

Chombo cha maji kiwekwe kwenye kigoda juu ya kokoto, ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kikiwa chini wanaparulia uchafu ndani, na wewe unamwaga na kubadilisha mara tatu kwa siku, papo hapo. Maji machafu yabebe ukayamwage kwenye migomba.

Chakula usikimwage kwenye ardhi yenye unyevu hata kwa siku moja. Chakula kilicholowa huota ukungu, na ukungu ndio chanzo cha sumukuvu. Kilicholowa kitupe.

Paa juu ya sehemu ya uwanja

Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu la gharama baada ya gata na mtaro, ezeka robo au theluthi ya uwanja, upande unaopakana na banda. Makuti yanatosha na yana ubaridi mzuri kwa joto la Pwani. Yape mwinamo mkali, la sivyo yanavuja na kuoza. Turubai nalo linafaa kwa dharura, ila lilazwe kwa mteremko na kufungwa kwa kukaza. Turubai lililolegea hubeba maji katikati mpaka likapasuka, na lita mia kadhaa zinaanguka mahali pamoja.

Chini ya paa hilo weka sehemu ya kuoga vumbi: tairi kuukuu la gari, udongo mkavu uliochekechwa, majivu kidogo. Masika kuku wengi hukosa pa kuoga vumbi, na utitiri huongezeka kipindi hichohicho.

Miti nayo itazamwe. Mwembe mnene juu ya uwanja ni baraka Januari, lakini Aprili unazuia jua lisiguse ardhi na unaendelea kudondosha matone saa nzima baada ya mvua kwisha. Punguza matawi ya upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie.

Hatua ya tano: matandazo

Sasa maranda yana maana. Kazi ya matandazo ni kunyonya unyevu mdogo, yaani kinyesi na manyunyu, na kuwapa kuku kitu cha kuparua ili kinyesi kichanganyike na kuoza bila harufu. Siyo kazi yake kubeba mvua.

Kitumike nini? Inategemea uko wapi. Maranda ya mbao ni mazuri popote, lakini muulize fundi kama mbao zilitiwa dawa ya kuzuia wadudu, hizo usichukue. Unga mwembamba wa mbao uache, hushikana na kuwa tope jingine, na ukikauka unaingia kwenye pumzi. Pumba ngumu za mpunga, zile zinazorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, hazioziozi haraka na maji hupita kati yake, kwa hiyo wa Kyela, Ifakara, Kahama na mabonde mengine ya mpunga wana hazina mlangoni. Pwani kuna makumbi ya nazi. Yakatekate na uyaweke kama tabaka la chini, hukaa muda mrefu. Matawi yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba ndiyo ninayoyapenda kuliko yote kwa sehemu isiyoezekwa, maana maji yanapita na kuku hawazami. Magunzi ya mahindi yaliyopondwa yanafaa yakiwa makavu kabisa. Nyasi ndefu na majani ya mahindi mabichi usiweke nje: hulala, hushikana kama mkeka, na chini yake ukungu unaota. Maganda ya karanga yenye dalili yoyote ya ukungu yachome.

Anza na unene wa sentimeta 10 hadi 15. Kwa eneo la mita za mraba 10 mbele ya banda hiyo ni mita 1 na nusu ya ujazo, karibu magunia makubwa 12 hadi 15. Geuza kwa reki au uma wa shamba mara moja kila wiki, na mara mbili mvua zikikolea. Ongeza tabaka jipya kavu pale ya chini yanaposhikana. Njia rahisi ya kuchochea ugeuzaji ni kutupa konzi ya mtama mkavu jioni; kuku watafanya kazi hiyo bure.

Jinsi ya kupima: chukua matandazo mkononi, ukamue. Yakitoa maji, yametumika, yaondoe. Yakikaa donge lisilovunjika, yageuze na uongeze makavu. Yakishikana kidogo kisha yakavunjika ukiyagusa, yako sawa. Halafu chuchumaa mpaka pua yako iwe kwenye kimo cha kuku uvute pumzi. Ukiwa umesimama huwezi kusikia kile wanachovuta wao. Harufu ya amonia ikikuchoma pua pale chini, inawachoma na wao, na mafua hayatachelewa.

Kuku ni wengi mno?

Swali hili huudhi, lakini lazima liulizwe. Umoja wa Ulaya hudai mita 4 za mraba za nje kwa kila kuku ndipo mayai yauzwe kama ya kuku huria. Wengi wetu tuna chini ya hapo, na kwa eneo dogo hakuna nyasi inayodumu. Ukiwa na mita 1 kwa kuku, kubali kwamba huo ni uwanja wa matandazo, ujipange kwa matandazo mwaka mzima. Ukiwa na mita 3 au 4, gawanya kwa wavu vipande viwili au vitatu, kuku waingie kimoja kwa wiki mbili tatu huku vingine vikipumzika mwezi au zaidi. Kipande kinachopumzika kipandwe ukoka. Ukoka unastahimili kukanyagwa na kurudi haraka baada ya mvua. Kama huna nafasi ya kugawa, afadhali uuze majogoo kabla ya masika. Bei ya Pasaka huwa nzuri, nayo huangukia ndani ya msimu huohuo.

Kama mvua imeshakukuta

Huna gata, huna mtaro, na leo kuku wamezama kwenye tope. Wafungie bandani, vifaranga na wagonjwa kwanza. Chimba mchirizi mmoja kwa jembe kutoka kwenye dimbwi kubwa hadi nje ya wavu. Nusu saa ya kazi hiyo ina faida kuliko magunia kumi ya maranda. Funga turubai au hata mabati kuukuu juu ya mstari ambao paa linamwagia, ili maji yarukie nje. Tope lililolegea likwangue. Panga mabanzi, mawe bapa au kreti toka mlangoni hadi kwenye chakula. Baada ya hapo ndipo uweke vipande vya matawi au maranda, na uwatoe kuku wakubwa tu, saa za jua.

Chokaa iwe na tahadhari. Chokaa ya kupakia ukuta na ile isiyozimwa huunguza nyayo na macho ya kuku zikikutana na maji. Chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, ni salama zaidi, lakini nayo haikaushi tope, na chokaa yoyote yenye ukali ikimwagwa juu ya kinyesi kibichi inafukuza amonia hewani kwa wingi. Nisingeweka chokaa wakati kuku wapo. Majivu mengi juu ya tope yana shida hiyohiyo.

Katika siku hizo tazama kinyesi kila asubuhi. Ukiona damu, au vifaranga wamejikunyata mabawa yamelegea, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Kuna dawa kama amproliamu zinazofanya kazi vizuri zikiwahi, na vifaranga hawasubiri wiki. Gambuti za uwanjani zisiingie banda la vifaranga. Na ukitumia maji ya dawa mlangoni, osha tope kwenye gambuti kwanza, kwa sababu uchafu huiua nguvu dawa kabla haijagusa kijidudu.

Tope ulilolitoa ni mbolea. Lirundike mahali pa juu, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, uchanganye na majani makavu au makumbi, ufunike. Likae angalau miezi mitatu kabla ya kwenda kwenye mboga. Migomba inaweza kupewa mapema, mbali kidogo na shina.

Mvua zikikatika

Juni, jua likirudi, kwangua tabaka la juu la uwanja mara moja zaidi na uliache wazi lipigwe jua siku kadhaa kuku wakiwa upande mwingine. Fukua mitaro, maana itakuwa imejaa mchanga. Shimo la migomba litolewe matope ya chini.

Kazi ya kifusi na mtaro wa mawe ipange Januari na Februari, ardhi ikiwa ngumu na magari yanafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kabla ya msimu kuanza. Ukisikia mvua za juu ya wastani, nunua maranda na pumba mapema, uyahifadhi kwenye magunia juu ya mbao, ndani. Ikifika Aprili kila mfugaji atakuwa anayatafuta, na yaliyorundikwa nje kwa mafundi yatakuwa yamelowa.